Mguu wa Kati wa Kushoto

Majibu yalitoka Jumatatu saa nne asubuhi. Dakta aliyasoma mara tatu akiwa amesimama, kwa sababu juu ya kiti chake palikuwa na boksi la glavu na hakuwa na akili ya kuliondoa. Mashine ya kusomea urithi wa wadudu ilikuwa imesema bila kuuma maneno: yule mbawakawa wake mwenye vipapasio virefu kuliko mwili, anayesifiwa kwenye vitabu kwamba ni adimu, si adimu wala nini. Ni mtoboa mbao wa kawaida. Mtoboa mbao ni yule mharibifu anayekula dari za watu na fremu za madirisha, ambaye dawa yake inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kukuna kichwa kidogo kisha kwenda kunywa chai. Kwa Dakta lilikuwa msiba. Sheria ya misitu haina mzaha: mti ukikutwa na mtoboa mbao unakatwa na kuchomwa moto hapo hapo. Juu ya mji, kwenye mteremko wa kaskazini, ilikuwa imebaki miti mia moja na kumi, mikongwe, nusu yake imekufa ikiwa imesimama, na magome yake yana matundu mapya ya wadudu. Mbawakawa yule hajawahi kuonekana kwingine popote, na hata pale mara ya mwisho alionekana miaka tisa iliyopita. Sasa Idara ya Misitu ilikuwa imeiandikia kamati ya viumbe wanaolindwa: mdudu huyu ni mtoboa mbao tu aliyepewa jina la heshima, afutwe kwenye orodha, miti ikatwe. Kamati ingekaa baada ya siku ishirini na tatu. Ilikuwa imemwomba Dakta ushahidi, na ushahidi ndio huo sasa, unamkodolea macho kwenye kompyuta.

"Peleka hivyo hivyo," alisema mkuu wa maabara, mtu aliyependa mambo mafupi. "Majibu hayachaguliwi kama viatu."

"Sichagui, mzee. Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kitu gani?"

"Sijakijua bado."

"Basi ukikijua uniambie. Usipokijua, ripoti inakwenda."

Dakta alikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni, na waliomlea walikwisha kuzoea. Alilitoa boksi la glavu, akaketi, akaanza upya. Ndani ya seli za mdudu, kama zilivyo za mtu, mna vijumba vidogo vya kutengenezea nguvu viitwavyo mitokondria, na kila kijumba kina maandishi yake ya urithi, mduara wa herufi elfu kumi na tano na ushei. Maandishi hayo mtoto huyapata kwa mama peke yake, mama naye kwa mama yake, kurudi nyuma huko kusikojulikana mwisho. Ukiyalinganisha ya wadudu wawili, unaweza kujua ni ndugu wa karibu au ni majirani tu. Dakta alikuwa ameyasoma kutoka kwenye mguu mmoja wa mbawakawa aliyechomwa pini miaka sitini na moja iliyopita. Ndiye pekee aliyekuwepo katika jumba la makumbusho lililo ng'ambo ya ua. Wengine wawili walikuwa katika jumba la nchi ya mbali, na barua ya kuwaomba ilikuwa haijajibiwa tangu mwaka juzi.

Ilipofika saa nane mchana akakiona. Maandishi ya mdudu wa zamani huwa yamekatikakatika, vipande vya herufi hamsini hamsini, mtu anaviunganisha huku anamwomba Mungu. Haya ya kwake yalikuja vipande virefu, safi, vingine herufi mia nne. Alikuwa amefurahi alipoviona, akadhani ni bahati. Bahati gani! Mguu ulikuwa kijana kuliko mwili.

Hakungoja hata kuvua koti la maabara. Alivuka ua kwenda kwa Bwana Funguo.

Bwana Funguo ndiye mhifadhi wa makusanyo ya wadudu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mzigo wa funguo uliokuwa ukining'inia kiunoni, na kwa vielelezo vyake alikuwa mkono wa birika. Kupewa mguu mmoja wa mbawakawa kulikuwa kumemgharimu Dakta barua nne. Kanuni ya jumba inasema mguu wa kwanza kutolewa ni wa kati wa kushoto, ili upande wa kulia ubaki kamili kwa wachoraji, na Bwana Funguo aliunyofoa mwenyewe kwa kibano, uso umemkunjamana kana kwamba anang'olewa jino.

"Nahitaji mguu mwingine," alisema Dakta.

"Mguu mwingine! Umeshakula mmoja, unataka wa pili? Huyu si kuku, Dakta."

"Basi niruhusu nimtazame tu."

Hilo Bwana Funguo hakuweza kulikataa. Akamleta mbawakawa kwenye boksi lake, akaliweka chini ya hadubini, naye akasimama pembeni akipumulia sikio la mwenzake. Dakta akasogeza taa, akatazama kitundu pale mguu ulipong'oka. Kulikuwa na pete nyembamba imezunguka kitundu, inang'aa, ya rangi nyeusi inayokaribia kahawia.

Akaijua pale pale. Ilikuwa gundi ya ngozi iliyopikwa na kutiwa masizi kidogo ili isionekane. Nyumbani kwao vikombe vilikuwa na mishono ya namna hiyo, na kiti cha jikoni, na miwani ya marehemu mama yake. Mpishi wa gundi hiyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa baba yake.

"Vipi?" aliuliza Bwana Funguo.

"Nitakuja kesho saa tatu," alisema Dakta, akatoka.

Baba yake alikuwa mtayarishaji wa vielelezo katika jumba lile kwa miaka thelathini na minane: kuchoma pini, kunyoosha mabawa, kupanga miguu. Kila mtu alimwita Fundi, na mpaka leo, miaka kumi na sita baada ya kustaafu, mtu akifungua droo na kukuta mdudu amekaa vizuri kama yuko hai, husema, "Hii kazi ya Fundi." Alikuwa akiishi mtaa wa pili nyuma ya maabara, vyumba viwili, na Dakta alimkuta amekaa mlangoni amepakata mwavuli wa jirani, anafunga ubavu wake kwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona saa hizi? Wamekufukuza kazi?"

"Bado. Baba, yule mbawakawa wa mteremko wa kaskazini. Uliwahi kumgundisha mguu?"

Fundi aliendelea kuzungusha uzi. "Nani kasema?"

"Gundi imesema."

Uzi ukasimama. Yule mzee alimtazama binti yake, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu.

"Ilikuwa siku za kufungua chumba cha maonyesho," alisema. "Wageni wakubwa wanakuja, mazulia yanatandikwa, mhifadhi wa wakati ule amenikalia kooni. Nafungua boksi, namkuta mdudu wetu wa pekee ana miguu mitatu. Mitatu, mama! Viwavi wa makabatini wameshamla. Nimweke hivyo kwenye kioo, watu wacheke?"

"Miguu ukaitoa wapi?"

"Kwenye kopo la vipuri."

"Vipuri!"

"Watoboa mbao. Walikuwa wanatuletea mafungu kwa mafungu kutoka viwanda vya mbao, hakuna mwenye haja nao. Miguu saizi ile ile. Nikaipaka rangi kidogo hapa gotini, wewe mwenyewe usingejua."

"Sikujua," alisema Dakta. "Ndilo balaa lenyewe."

Akamweleza yote: mashine, barua ya Idara, miti mia moja na kumi, siku ishirini na tatu. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mwavuli ulivyoteleza mapajani mwake mpaka ukaanguka.

"Siku zile tulikuwa tunatazama kwa macho," alisema hatimaye. "Nani alijua kwamba mguu una maandishi ndani?"

"Hakuna aliyejua. Sikulaumu, baba. Ila Bwana Funguo hatanipa mguu wa pili bila kuelezwa wa kwanza ulikuwa na nini. Nataka uje umwambie."

"Nikimwambia huyu mmoja, ataniuliza wengine wangapi."

"Wangapi?"

Fundi aliinama akaokota mwavuli, akaufungua, akaufunga.

"Wengi," alisema. "Vipapasio, miguu, kuna na mabawa ya vipepeo. Kila walichosifu, mama. Unajua maana yake? Watafungua kila droo waseme, hii ni kweli au ni ya yule mzee mwongo? Umekuja kunizika ningali hai?"

"Nimekuja kwa sababu miti itakatwa."

"Si ulinieleza mwenyewe kwamba mashine yako inasoma ya mama tu? Baba hayumo. Basi niache nisiwemo."

Dakta alikasirika. Alimwonea huruma pia. "Kesho saa tatu nakwenda kumwambia Bwana Funguo kwamba mguu ule uligundishwa. Sitamficha. Ukija, utakuja. Usipokuja nitakwenda peke yangu."

Akaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Kwenye kona alilia kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaendelea na safari.

Asubuhi alipiga moyo konde akamweleza Bwana Funguo habari ya gundi. Aliyeipaka hakumtaja, na Bwana Funguo hakumuuliza, kwa sababu akili yake yote ilikuwa imehamia kwenye mguu unaofuata.

"Sawa," alisema baada ya kuguna muda mrefu. "Macho ninayo, hiyo pete nimeiona. Kanuni inasema mguu wa pili ni wa nyuma wa kushoto. Nakuandikia kibali cha huo. Baada ya huo, Dakta, hata uje na jeshi."

Aliandika kibali, akapiga muhuri, akawasha taa, akashika kibano. Ncha za kibano zilikuwa zimeshaugusa mguu wa nyuma wa kushoto mlango uliposukumwa. Fundi alikuwa amesimama pale ndani ya koti lake la kazi la zamani, la kijivu, vifungo havifungi tena tumboni, anahema kwa sababu ya ngazi.

"Wacha huo," alisema. "Huo nao ni wangu."

Bwana Funguo alibaki ametoa macho. Fundi hakumpa nafasi ya kuuliza. Alinawa mikono kwenye sinki, akaomba maji ya vuguvugu na brashi nyembamba, akaketi kwenye hadubini kama mtu aliyetoka dakika tano tu kwenda kununua gazeti. Akaweka tone moja kwenye kiungo cha mguu wa nyuma wa kushoto. Wakangoja. Pete nyeusi ikavimba, ikalainika, na mguu ukaanguka wenyewe juu ya karatasi nyeupe.

"Mungu wangu," alisema Bwana Funguo, akakaa kwenye ngazi ya kupandia makabati.

"Wa nyuma wa kulia hali kadhalika," alisema Fundi. "Ya kwake mwenyewe ni mitatu: miwili ya mbele, na wa kati wa kulia. Tazama." Akaweka tone kwenye mguu wa mbele wa kushoto. Wakangoja dakika tano, kisha kumi. Mguu haukutikisika.

Dakta alihesabu moyoni. Kama baba yake angekaa nyumbani na mwavuli wake, angesoma mguu wa pili wa kipuri, ungesema yale yale, na yeye mwenyewe angeuapia.

"Fundi," Bwana Funguo aliuliza taratibu, "na makabati mengine?"

Fundi alitazama sakafu. "Tutazungumza. Mpe kwanza mtoto mguu wake."

Kuanzia hapo Dakta alikaza buti. Aliukata mguu wa mbele wa kushoto vipande viwili, kimoja akakihifadhi, kimoja akakiosha na kukiloweka kwenye dawa ya kuyeyushia nyama. Hakikutoa kitu. Mkuu wa maabara alipita, akatazama skrini tupu, akaenda zake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu, na mguu nusu.

Siku mbili hakukigusa kile kipande cha pili. Alifanya mazoezi kwa miguu ya watoboa mbao wa zamani, mguu baada ya mguu, akipunguza joto, akiongeza muda, akibadilisha maji ya kuoshea, mpaka wenzake wakaanza kumwita Bi Miguu. Aliitika. Siku ya tatu alifunga mlango akachukua kile kipande, na safari hii kilitoa. Vilikuja vipande vichakavu, vya herufi arobaini, hamsini, vimeliwa pembeni, kama inavyostahili kwa maiti ya miaka sitini na moja. Dakta hakuwahi kuona uchakavu mzuri namna ile.

Aliviunganisha kwa siku sita. Mduara ulipofunga alizipanga herufi zake pembeni ya zile za wadudu wengine mia mbili wa ukoo wake, akaiachia kompyuta ichore nani ni ndugu wa nani. Mchoro ulikuja Jumamosi mchana. Watoboa mbao walikuwa wamesongamana kwenye tawi lao huko chini. Yule wa mteremko wa kaskazini alikuwa mbali nao, kwenye tawi lake mwenyewe, na ndugu yake wa karibu kabisa alikuwa mdudu mmoja wa upande wa pili wa milima, waliyeachana naye zamani za kutisha, miaka milioni kumi na kitu. Kizazi chote hicho kilichobaki kilikuwa ndani ya miti mia moja na kumi.

Ripoti aliiandika kwa siku mbili. Alieleza kila kitu: vipande virefu, gundi, mguu ulioanguka, mguu uliokataa. Alipofika kwa mtu aliyegundisha, vidole vilisimama. Mwishowe aliandika "mtayarishaji wa zamani wa jumba" na kusonga mbele haraka. Bwana Funguo alitia sahihi ya shahidi, jina likaachwa hivyo hivyo. Walikuwa wamekubaliana bila kukubaliana.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Wajumbe walikuwa saba, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo. Nyuma kulikuwa na viti vya wasikilizaji, na kwenye kiti cha mwisho alikaa Fundi ndani ya shati alilopigia pasi mwenyewe. Alisema amekuja kumsikiliza mwanawe tu. Dakta aliongea dakika ishirini. Alipomaliza, ofisa wa Idara ya Misitu alisimama, na lazima isemwe, hakuwa mjinga.

"Nimesoma ripoti," alisema. "Mguu wa kwanza ulisema huyu ni mtoboa mbao. Haukupendeza, ukaitwa wa bandia. Nani aliuweka? 'Mtayarishaji wa zamani.' Nimeuliza. Jumba lile limewahi kuwa na watayarishaji watatu. Wawili ni marehemu, na marehemu hawawezi kujitetea. Wa tatu ni Fundi, ambaye picha yake iko ukutani kwenye korido, na hakuna mtu hapa asiyejua kazi yake. Mikono ile haiwezi kufanya uchafu kama huu. Kwa hiyo ama mnawasingizia wafu, ama huo mguu wa kwanza ulikuwa wa kweli. Mimi nasema ulikuwa wa kweli."

Wajumbe wawili walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti alimgeukia Dakta. "Jibu, Dakta. Ni nani?"

Dakta alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na miti ilikuwa imening'inia hapo, mia moja na kumi, na akajikuta hawezi kulitoa. Aliona haya kwa hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya.

Nyuma kiti kilikwaruza sakafu.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Huyo Fundi ni mimi, na huyo binti ni wangu. Hakuniandika kwa kunionea aibu. Miguu mitatu ya mdudu yule niliibandika mimi, watu wasicheke. Na si yule peke yake. Wako zaidi ya mia tatu kwenye makabati yale, na ninamkumbuka kila mmoja na nilichomwekea. Hao marehemu wawili waachwe, walikuwa watu safi."

Feni ikazunguka. Ofisa akakaa.

"Karani, umeandika?" aliuliza mwenyekiti.

"Nimeandika."

"Basi tupige kura. Wanaotaka mdudu abaki kwenye orodha na miti isiguswe."

Mikono ilinyanyuka mmoja mmoja, wa mwisho kwa shingo upande, mpaka ikatimia saba. Mtu wa pembeni alimpiga Dakta begani kumpongeza. Hakugeuka kumtazama huyo. Alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa bado amesimama kule nyuma, mikono ubavuni, anangoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.